Shabiki wa Bi Nyongo

Habari kwamba Bi Nyongo angekuwa jaji mgeni ilitukuta saluni Jumamosi asubuhi, wateja wamejaa mpaka kwenye benchi la nje. Televisheni yetu imefungwa juu ya mlango, kwa hiyo kila anayeitazama huonekana kama anamsubiri mtu aingie. Mtangazaji alitaja lile shindano la keki ambalo watu walikuwa hawalali bila kulizungumzia, akasema zimebaki wiki mbili, na kwamba katika wiki hizo kiti cha tatu cha majaji kitakaliwa na mgeni. Kisha picha ikatokea: mwanamke wa makamo, kilemba cheusi, miwani ya fremu nene, na ule uso uliowahi kuwanyima watu hamu ya chakula cha jioni.

Mteja aliyekuwa chini ya draya alichomoa kichwa, rola zote zikiwa wazi.

"Huyo?" akasema. "Huyo si atawatilia sumu kwenye unga?"

Watu wakavunjika mbavu. Mmoja akasema washiriki wajiandae kufukuzwa nyumbani, mwingine akauliza kama shindano lina stoo, maana Bi Nyongo haendi mahali pasipo na stoo ya kumfungia mtu.

Bi Nyongo si jina lake. Ni jina la mama mkwe aliyemwigiza miaka mingi katika tamthilia ya saa moja jioni. Alifukuza wake za mwanawe mmoja baada ya mwingine, akauza kiwanja cha mwanawe huyo huyo, na yule mke wa mwisho, mjamzito, akamfungia stoo mvua ikinyesha. Aliigiza vizuri mpaka watu wakasahau kwamba anaigiza. Mwenyewe aliwahi kusimulia redioni kwamba muuza nyanya alikataa kumuuzia mpaka amwombe msamaha mkwewe. Alisema aliomba msamaha pale pale gengeni, maana nyanya alikuwa anazihitaji.

Mama yangu hakucheka na wenzake. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, kitana mkononi. Alisimama akiitazama ile picha, kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, taratibu, kitana kikiwa bado katikati ya vidole. Wateja wakageuka kumwangalia. Mimi sikushangaa. Mama alikuwa shabiki wa Bi Nyongo tangu enzi ambazo kusema hivyo hadharani kulikuwa sawa na kusema unampenda nyoka.

Mama yangu watu humwita Mama Rola, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu kila siku kuna rola moja aliyoisahau kwenye mfuko wa aproni, huenda nayo mpaka kitandani. Ni mwembamba, mikono myepesi, na wakati ninaousimulia alikuwa na sauti ndogo mno. Mteja akimuuliza bei ilibidi aulize mara mbili. Dereva akipitiliza kituo, Mama alishuka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu badala ya kupaza sauti. Baba ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Saluni ilikuwa ya Mama kwa jasho lake, lakini maneno yake yote yalipitia kwa Baba, na Baba alikuwa mtu wa watu, kwa hiyo mambo yalikwenda.

Kisha Baba akafariki, ghafla, asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Nyumba ikajaa watu, ikatulia, na siku zile za kutulia ndizo Mama alipoanza kuitazama tamthilia ya saa moja. Alikaa mbele ya televisheni na sahani mapajani, hali, anamwangalia Bi Nyongo. Mashoga zake wakamwambia si vizuri kutazama mwanamke mbaya namna ile ukiwa na huzuni. Aliitikia kwa kichwa na kuendelea kutazama.

Baba mdogo alikuja kabla hata nguo za Baba hazijagawiwa. Alifika saluni mchana kweupe na gari la mizigo na wanaume wawili wa kubeba. Alisema, kwa ile sauti ya mtu aliyekuja kukusaidia, kwamba mali ya kaka yake ni mali ya ukoo, kwamba madraya na viti na vioo vitakwenda kwake kwa usalama, na kwamba Mama apumzike, mjane hastahili kuhangaika. Wateja wawili walikuwa kwenye viti. Mmoja alikuwa na povu kichwani. Mimi nilikuwa kwenye sinki, taulo mkononi.

Nilimwangalia Mama nikijua atakachofanya. Atameza mate, atainamisha kichwa, na wale wanaume watang'oa draya ya kwanza.

Mama alivua miwani yake ya kusukia. Akainua pindo la aproni, akaanza kuifuta, kioo cha kwanza, kisha cha pili, bila haraka hata kidogo. Kila aliyekuwa mle ndani alikitambua kitendo kile, kwa sababu kila jioni tulikiona: hivyo ndivyo Bi Nyongo alivyofanya kabla ya kummaliza mtu.

"Endelea, shemeji," Mama akasema, hamwangalii. "Nakusikiliza."

Baba mdogo akaendelea. Akarudia habari ya ukoo. Akaingiza habari ya usalama. Mama alikuwa anafuta. Baba mdogo akataja marehemu, akataja marehemu tena, akajikwaa, akaanza sentensi asiyojua itaishia wapi. Sauti yake ikapungua yenyewe. Yule mteja wa povu alikuwa amegeuza kiti kizima kumtazama.

Mama akavaa miwani.

"Umemaliza?"

"Nilikuwa nasema tu kwamba..."

"Shemeji, umemaliza?"

"Ndiyo."

"Vitu hivi nilivinunua mimi kwa mikono hii, na marehemu alijua, na wewe unajua. Mlango ni ule ule ulioingilia."

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti yake ndogo ya siku zote, ila hakuna aliyehitaji kuuliza amesema nini. Mmoja wa wale wabebaji aliangua kicheko, akamgusa baba mdogo begani, akamwambia twende mzee. Waliondoka na gari tupu. Mama akarudi kwenye kichwa alichokuwa anakisuka, na ule mstari ukaenda upande. Ilibidi aufumue.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyethubutu kumsema vibaya Bi Nyongo mbele ya mama yangu bila kukatwa jicho.

Nilipopata kazi kwenye duka la simu nilimfungulia kundi la mashabiki, kama mchezo tu, nikaliita Wapenzi wa Bi Nyongo. Waliojiunga hawakutosha kujaza basi dogo, na nusu yao waliingia kutukana. Mama alikuwa akiwasomea wateja matusi hayo kwa furaha, kama mtu anayesoma salamu za pongezi. Alisema ukiona watu wanachukia hivyo, ujue mwigizaji ni fundi.

Kwa hiyo jioni ile ya kipindi saluni haikufungwa. Tulipanga viti kama ukumbi. Karibu kila aliyekuja alikuwa upande wa Malkia wa Krimu. Nami simlaumu mtu kwa kumpenda: binti mchangamfu, kicheko chake kilikuwa kinaambukiza, na keki zake zilikuwa majumba kabisa, zenye nguzo na ngazi na maua ya sukari. Mshiriki mwingine aliyebaki tuliyemjua vizuri ni Mwashi. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akaumia mguu, akajifunza kuoka jikoni kwa dada yake wakati anauguza. Alizungumza kama anaomba radhi, na keki zake zilikuwa kama matofali. Wa tatu alikuwa kijana aliyeunguza kitu kila wiki, na wiki hiyo akaunguza tena.

Jaji mgeni alikuwa amepewa mamlaka moja. Angempeleka mshiriki mmoja moja kwa moja fainali, na nafasi iliyobaki ingeamuliwa kwa kura za watazamaji.

Bi Nyongo akafika kwa Malkia. Keki ilikuwa ndefu kuliko mwenyewe. Akaikata, akaonja, akatafuna muda mrefu. Kisha, Mungu wangu, akavua miwani, akaanza kuifuta. Saluni nzima ikashika pumzi.

"Mwanangu," akasema, "kwa macho hii ni keki. Mdomoni sijaiona."

Malkia akajaribu kutabasamu, mdomo ukakataa, machozi yakashuka. Kamera ikayafuata machozi mpaka kidevuni. Bi Nyongo akasogea kwa Mwashi, akaonja lile tofali lake, akaonja tena. Akamvalisha utepe wa fainali bila hotuba. Mwashi alisimama akiushika ule utepe kwa vidole viwili kama kitu cha mtu mwingine.

Kelele zilizofuata sijui nizieleze vipi. Watu walisimama kwenye viti vyetu. Mmoja alivua kiatu kuirushia televisheni, nikamdaka mkono. Simu zilianza kulia kabla kipindi hakijaisha. Usiku huo na kesho yake yote Bi Nyongo alipata alichokuwa akikipata siku zote, ila safari hii mara elfu. Walimchora pembe. Waliunganisha picha ya Malkia analia na ile ya mkwe aliyefungiwa stoo. Waliandika kwamba roho mbaya haiigizwi, mtu huzaliwa nayo. Ilipofika mchana kulikuwa na watu wanaotaka aondolewe kabisa kwenye fainali, na majina yao yalikuwa yanaongezeka kila ukitazama.

Hata kwetu moto uliwaka. Muuguzi mmoja, mteja wetu wa miaka, alikuwa anasukwa na Mama, na katika kusukwa akasema yule mwanamke ni mchawi wa kawaida tu. Mama akajibu kwamba jaji aliulizwa keki ina ladha gani, akasema. Muuguzi akasimama. Akavua taulo, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akatoka na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima. Alifika mpaka kwenye njia panda. Tulimwona akisimama, akijishika kichwa, akifikiria zamu yake ya hospitali. Akarudi, akakaa, akatazama mbele. Mama akaokota kitana akaendelea pale alipoishia. Hawakusemeshana neno, na nywele zilitoka nzuri sana.

Muuguzi alipoondoka, Mama alikaa kwenye kiti chake, akashika tama. Aliniambia nimsomee yanayosemwa. Nikasoma machache, yale yanayosomeka. Akauliza kama mwenyewe anayaona. Nikamwambia bila shaka anayaona, ana simu kama sisi.

"Hiyo simu yako inachukua sauti?" akaniuliza.

Nikamwambia inachukua.

"Nishikie karibu. Draya zinapiga kelele."

Nilishika simu karibu na kidevu chake. Alianza mara tatu akakwama, akacheka, akaniambia nifute. Mara ya nne alifumba macho. Ninayo mpaka leo ile sauti, na haya ndiyo aliyosema:

"Mimi ni msusi. Hamnijui, na mimi siwajui. Nimesikia mnasema huyu mama hana moyo. Nataka kuwaambia alichonifanyia, na hata yeye hajui kama alinifanyia. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja kunibebea vyombo vyangu vya kazi. Mimi nilikuwa sijui kusema hapana. Nilifundishwa kusema ahsante na samahani, hapana sikufundishwa. Wale wema wote wa kwenye tamthilia, wale wakwe wanaolia, niliwaonea huruma, lakini kulia nilikuwa najua tayari. Huyu ndiye niliyemwona anafuta miwani yake na kumwacha mtu aseme mpaka aishiwe. Nikafanya hivyo hivyo. Shemeji akaondoka. Saluni hii mnayosikia kelele zake iko hapa kwa sababu hiyo. Sasa msichana ameambiwa keki yake haina ladha. Ni maneno mazito, na mimi nimemhurumia, ana umri wa binti yangu. Lakini nitawauliza kitu kimoja: nyinyi mliokuwa mnamsifu, kuna hata mmoja wenu aliyeionja?"

Nikaituma kwenye kundi letu dogo. Nilipomaliza kufagia nywele sakafuni, ilikuwa imeshatoka nje ya kundi. Nilipofika nyumbani ilinijia kutoka kwa mtu wa kazini, ambaye hakujua kwamba yule ni mama yangu, akaniandikia nisikilize, nitalia.

Yaliyofuata hatukuyatarajia. Majibu yalianza kuja kwa sauti, na karibu yote yalikuwa ya wanawake. Karani wa ofisi fulani alisema kuna bosi aliyemzoea vibaya, na siku aliyofuta miwani yake mbele yake ndiyo siku mazoea yalipokoma. Mwalimu alisema yeye humfanyia hivyo darasa zima. Bibi mmoja, sauti yake ya kukwaruza, alisema alimfanyia mume wake mwaka wa thelathini wa ndoa, na kwamba mume aliogopa akaenda kuosha vyombo. Kuna aliyesema hana miwani, hufuta simu, na bado inafanya kazi. Watu walikuwa wameyaficha haya miaka yote, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayempenda yule mwanamke mbaya. Kundi likafurika. Ikabidi nifungue la pili, na wenyewe wakajipa jina: Wafuta Miwani.

Matusi hayakuisha, nisiwadanganye. Lakini sasa kila lilipotupwa tusi, kulikuwa na mtu wa kulijibu, na wengi walijibu kwa neno moja tu: Endelea. Hilo liliwauma watukanaji kuliko chochote. Na ile habari ya kumwondoa Bi Nyongo kwenye fainali ikafa yenyewe. Kura za watazamaji nazo zikampa Malkia ile nafasi iliyobaki.

Fainali ilifanyika mchana, katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, milango wazi kwa yeyote atakayewahi. Tulikwenda tumejazana kwenye basi la kukodi, kila mtu na miwani. Wengine walivaa za jua, wengine fremu tupu za plastiki ambazo ukizitazama vizuri unamwona mtu anapitisha kidole kujikuna jicho. Muuguzi alikuja pia. Alivaa fulana yenye picha ya Malkia kifuani na miwani ya mumewe usoni, akasema yeye hajahama upande, amekuja kushuhudia tu. Akakaa karibu na Mama.

Ukumbi ulikuwa wa Malkia, tusidanganyane. Mabango yalikuwa yake, fulana zake, nyimbo zake. Sisi tulikuwa kona moja nyuma, juu karibu na taa. Majaji wawili wa kawaida waliingia wakashangiliwa. Kisha akatajwa jaji mgeni, na Bi Nyongo akatokea kwenye mlango wa pembeni, kilemba cheusi, mkoba mkononi, na ukumbi ukaanza kuzomea. Haikuwa zomea ya mzaha. Ilianza mbele ikapanda ngazi mpaka kwetu. Yule mama alikuwa anatembea kuelekea kitini, mgongo umenyooka, mwendo wa mtu aliyezoea. Nilimwona akihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda huu, kisha akiurudisha, na hapo ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Nikamgeukia Mama nimwambie kitu. Mama alikuwa ameshasimama.

Alipiga kigelegele. Mama yangu, ambaye alikuwa tayari kupitilizwa kituo kuliko kumwita dereva, alifungua kinywa akatoa kigelegele kirefu, chembamba, kikali, kikapita juu ya ile zomea yote kama sindano inavyopita kwenye kitambaa kinene. Watu wa mbele wakageuza shingo. Pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akapiga tena. Sekunde hiyo alikuwa peke yake katika ukumbi mzima. Kisha aliyeungana naye, wa kwanza kabisa, alikuwa muuguzi, na Malkia wake kifuani. Kisha kona yetu yote ikainuka. Na hapo tukagundua kwamba Wafuta Miwani hawakuwa kona yetu tu. Walikuwa wameketi huku na kule, katikati ya mabango ya watu wengine, wawili hapa, wanne pale, na sasa walikuwa wanasimama mmoja mmoja na miwani yao, vigelegele vinaitikiana kutoka pande zote, mpaka zomea ikakosa pa kukaa ikanyamaza.

Bi Nyongo alisimama katikati ya jukwaa. Akavua miwani. Watu wakacheka, wakidhani anaanza mambo yake. Lakini safari hii alikuwa anafuta kwa sababu haoni.

Mtangazaji, mtu mwenye macho ya biashara, alipanda ngazi mbio na kipaza sauti mpaka kwa Mama. Akamuuliza anampigia nani vigelegele. Mama akasema kitu.

"Sijakusikia, dada yangu," Bi Nyongo akasema kutoka jukwaani. "Sema tena."

"Nakupigia wewe," Mama akasema, na safari hii ukumbi mzima ulisikia.

Bi Nyongo akakinga mwanga kwa kiganja, akimtafuta.

"Wewe ndiye mwenye shemeji?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kumbe sauti ile walikuwa wameisikia karibu wote, hata wale wazomeaji.

"Ndiye mimi."

"Alirudi?"

"Hajarudi mpaka leo."

Kicheko kikageuka makofi. Bi Nyongo akaweka mkono kifuani. Akasema kwamba miaka yake yote ya kazi, akiingia mahali, watu huvuta watoto wao karibu. Akasema vigelegele amesikia vingi, vyote vya harusi za watoto wa wenzake. Hakuendelea. Alikaa kitini, akafungua mkoba, akatafuta kitambaa, na shindano likaanza.

Mwashi aliingia kwanza. Mtu huyu, baada ya kupita kwa ladha, alikuwa ameamua kuonyesha kwamba uzuri pia anaujua. Alijenga keki ya ukuta wenye dirisha, na dirisha lilikuwa limeinama kidogo, na alipoulizwa akasema hata lile la nyumbani kwake liko hivyo. Ukumbi ulimpenda papo hapo. Majaji walikula, wakamsifu, na Bi Nyongo akamwambia kwamba anaweza kulala chini ya ukuta ule bila wasiwasi.

Kisha Malkia. Watu wake walisimama kumpokea, halafu wakatulia kwa mshangao, kwa sababu hakusukuma jumba. Alibeba sahani moja kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na keki ya duara, fupi, ya kahawia, haina hata ua. Aliiweka mbele ya Bi Nyongo akarudi nyuma hatua chache, mikono nyuma.

Bi Nyongo akakata, akaonja. Akatafuna. Uso wake hauonyeshi kitu, ndiyo kazi yake. Akakata tena, akaonja tena. Kisha akasogeza sahani yake mbele kidogo.

"Naomba kipande kingine," akasema.

Nadhani sauti iliyotoka pale ndani ilisikika mpaka barabarani. Malkia aliziba uso kwa aproni. Bi Nyongo akala kipande kile cha tatu chote, bila haraka, watu wanapiga kelele juu yake, akajifuta vidole, akasema, "Leo umepika, mwanangu."

Malkia ndiye aliyeshinda, kwa tofauti ndogo. Mwashi alimnyanyua mkono kama refa, mguu wake mbovu na yote, na aliposhuka jukwaani alikuwa ameshazungukwa na watu wanaotaka awaokee keki za harusi, wote wakisisitiza dirisha liinamishwe.

Lakini kilichofunga midomo ya watu ni maneno ya mshindi mwenyewe. Alishika kipaza sauti, akashukuru huyu na yule, kisha akageuka kwenye meza ya majaji. Alisema tangu aanze kuoka amesifiwa mpaka akaacha kuonja. Alisema baada ya kile kipindi alimchukia yule mama, akasoma matusi yote yaliyoandikwa na kuyafurahia, mpaka aliposikia sauti ya msusi mmoja akiuliza nani aliyeionja ile keki. "Nikaenda jikoni," alisema, "kipande kilikuwa bado kipo. Nikaionja. Alikuwa amenihurumia."

Wale wa mabango walimtazama Malkia wao, wakamtazama Bi Nyongo, na sijui nani aliyeanza, ila safari hii vigelegele vilitoka mbele. Vilipanda ngazi mpaka kwetu, na Mama akavipokea amekaa, mikono mapajani, machozi yanamtiririka na hana habari ya kuyafuta. Muuguzi alimfutia kwa pindo la fulana, na pindo lile lilikuwa na kidevu cha Malkia.

Tulikuwa tunashuka ngazi kutafuta basi letu dada mmoja wa wafanyakazi wa kipindi alipokuja kumwita Mama. Nikamfuata. Tulipitishwa nyuma ya pazia, kwenye chumba kidogo chenye kioo na viti vya plastiki, na mle ndani Bi Nyongo alikuwa amekaa, viatu amevivua, kilemba bado kichwani. Karibu na sisi alionekana mdogo kuliko kwenye televisheni, na mchovu. Walisalimiana kwa mikono miwili. Niliona Mama ametayarisha maneno, kwa sababu alikohoa kidogo kama anavyofanya.

"Wewe ni msusi kweli?" Bi Nyongo akamuuliza kabla hajaanza.

"Msusi kweli."

"Basi nisaidie, mdogo wangu. Hapa chini kuna pini wamezichomeka tangu asubuhi. Kichwa kinataka kupasuka."

Mama aliweka mkoba chini. Alikifungua kilemba mkunjo kwa mkunjo, akaanza kuzichomoa zile pini, moja moja, akinikabidhi mimi, akamlegezea nywele zilizokuwa zimebanwa kama zinaadhibiwa. Zilikuwa nyeupe zaidi kuliko nilivyodhani. Kisha akaingiza vidole, akaanza kumkanda kichwa taratibu, nyuma ya masikio, shingoni, pale anapojua yeye. Bi Nyongo akaguna. Akasema maneno mawili matatu kuhusu shemeji, akacheka, kichwa kikalegea kikaegemea tumbo la Mama, na muda mfupi baadaye pumzi zake zikawa nzito. Alikuwa amelala.

Nje ya mlango watu walikuwa wamejaa, wa fulana na wa miwani pamoja, wanaimba, wanapiga milango wakitaka atoke wamwone. Mama hakuweza kuondoka pale alipo. Alinifanyia ishara ya macho. Nikaufungua mlango kidogo, nikaweka kidole mdomoni, nikawaonyesha. Waliokuwa mbele wakachungulia, wakawageukia wa nyuma na kidole mdomoni, nao wakawageukia wa nyuma yao, na ule umati wote, mpaka kule kwenye ngazi, ukanyamaza kimya, ukakaa chini kumsubiri Bi Nyongo aamke.